Kalonji Hayuko

Kalonji hayuko. Naanza na hilo, ili mtu asije kunisumbua na maswali baadaye. Hapa Kamina watakuambia ni mrefu, anavaa shati la bluu, na jino lake moja la mbele limekatika. Kuna mama sokoni anaapa kwa Mungu kwamba alimuuzia sigara. Haya, jino si langu. Sigara si yangu. Mimi nilimpa urefu na shati tu, na nilimpa vitu hivyo kwenye baraza ya hospitali, mchana kweupe, mwanangu akiwa anakauka ndani.

Jina langu Ntumba. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, nimebatizwa hapa, lakini naitwa Mukasai, mtu wa Kasai. Wakati ule Wakasai walipofukuzwa Katanga na kupakiwa kwenye treni, baba yangu alishuka kituo cha Kamina kumzika dada yake mdogo. Alipomaliza kuzika, treni ilikuwa imekwenda na ndugu zake wote. Akabaki. Akaoa, akauza chumvi na sabuni, akafa, na mama akamfuata. Kwa hiyo ukiniuliza ndugu zangu wako wapi, nitakuonyesha reli.

Niliolewa na Mwanza, Muluba wa hapa, mtu wa shamba, Mkatoliki, mpole. Kijiji chao kiko upande wa barabara ya Kabongo. Mama yake, Émerence, hakufurahi, ila hakukataa pia. Tulipopata mtoto wa kiume tukampa jina la marehemu baba mkwe, Albert, na tangu siku ile mama mkwe alikuwa akifika kwetu anauliza toka mlangoni, "Bwana yangu iko wapi? Bwana yangu amekula?" Bwana yake ni mtoto wangu. Ndivyo bibi wa hapa wanavyotaniana na wajukuu. Mimi alinisalimia akishamaliza na bwana yake.

Halafu Mwanza akaenda Kolwezi kuchimba madini. Albert alikuwa bado hajajua kukaa. Alipoanza kutambaa baba yake alisikia kwa simu, alipoota jino alisikia kwa simu. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba, mimi na mtoto, na jioni nilizungumza naye kama mtu mzima, maana hakukuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Ugonjwa ulianza kwa kutapika, wakati wa kiangazi, vumbi tele. Majirani wakasema meno. Mimi pia nikasema meno. Meno yanasingiziwa mengi katika mji huu. Kisha tumbo likafunguka. Si kuharisha kwa kawaida, jamani! Maji matupu, tena na tena, mpaka nguo zake zikaisha na nikaanza kupasua vitenge vyangu. Asubuhi alilia na sikuona machozi. Analia, mdomo wazi, na macho makavu. Hilo lilinitisha kuliko harufu na kuliko kutapika. Nilimfunga mgongoni nikakimbia hospitali ya misheni nikiwa na kandambili moja, nyingine sijui ilibaki wapi.

Salle ya watoto, yaani wodi yao, ilikuwa imejaa. Kila kitanda watoto wawili, wengine chini kwenye mikeka, na wote ugonjwa ule ule. Muuguzi alikuwa mmoja, anaitwa Priscille, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki. Alimfinya Albert ngozi ya tumbo, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama vile vile alivyoiacha.

"Mutoto amekauka," akasema. "Alipata chanjo ya matone, ile ya kuharisha?"

"Nilimuleta," nikasema. "Mulisema matone imeisha. Nikarudia, mulisema imeisha. Nikarudia tena, mulisema mutoto amepita miezi yake, haimufae tena."

Alisema pole, akainama kutafuta mshipa. Mikononi hakupata, miguuni hakupata. Akanyoa nywele kidogo juu ya sikio, akaupata pale, na serumu, yale maji ya chupa, ikaanza kushuka. Nikapumua. Ndipo akauliza lile swali wanalouliza wote.

"Garde-malade yako iko wapi?"

Hospitali ya kwetu inakupa kitanda, dawa ikiwepo, na muuguzi mmoja kwa salle nzima. Yanayobaki yote ni ya garde-malade, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa: kuchota maji pompi, kuwasha moto jikoni nyuma, kuchemsha, kufua, kupika bukari, ugali wetu, kushika mtoto mama akienda haja. Usipokuwa na garde-malade wewe ni nusu mtu. Niliangalia vitanda vyote. Kila mtoto alikuwa na mama, na kila mama alikuwa na dada au shangazi au bibi.

"Atakuya," nikamwambia Priscille. "Mama ya bwana yangu. Nimemutumia habari."

Kando ya kitanda chetu, kwenye mkeka, alikuwepo mama mmoja wa Malemba-Nkulu, aliyekimbia vita na mtoto wake na mdogo wake wa kike. Mwanamke mwema. Aliponiona nahangaika na bidon la maji, akaniambia, "Enda, mama, nitamuangalia wako." Nikachota maji, nikachemsha, nikarudi, akanipa na kipande cha muhogo. Mchana ule wa kwanza haukuwa mbaya. Niliweza hata kucheka kidogo.

Mama mkwe alifika kesho yake, amevaa kitenge chake cha misa, kifurushi kichwani. Nilimwona mlangoni nikataka kulia kwa furaha. Nilinyanyuka nimpe nafasi kitandani. Hakukaa. Alisimama mbali, mikono nyuma, anamwangalia Albert.

"Bwana yangu iko namna gani?"

"Anaharisha, Mama. Na kutapika. Munisaidie kidogo niende kuchota mayi, mumushike."

"Sitamushika," akasema. "Ntumba, sema jina."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikauliza jina la nani.

"Ya ule mwanaume. Ule alichafua maziwa."

Hapo nikaelewa, na damu ikanipanda. Kwa akina Mwanza wanaamini hivi: mwanamke anayenyonyesha akilala na mwanaume mwingine, maziwa yanachafuka, na mtoto anaharisha mpaka anamalizika. Dawa ni moja, mwanamke ataje jina. Kabla ya jina, mtu wa ukoo asimguse mtoto, maana mikono ile ndiyo itakayommaliza, na mtoto wa jirani naye hana usalama. Mume wangu yuko Kolwezi, mimi ni Mukasai, mtoto anaharisha. Kwao hesabu ilikuwa imekwisha kufanywa kabla sijafungua mdomo.

"Mama," nikasema, na sikupunguza sauti, "muangalie hii salle. Batoto bote banaharisha. Sasa sisi bamama bote tulilala na mwanaume moya? Mama we! Ule mwanaume iko na nguvu ya namna gani?"

Salle ikacheka. Hata Priscille alicheka, na chupa ya serumu mkononi. Mama mkwe hakucheka na hakukasirika. Alizungusha macho pole pole, kitanda kwa kitanda.

"Kila mama anajua yake," akasema.

Kicheko kikakatika pale pale. Mmoja akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa, mwingine akageukia ukuta. Mama mkwe akanitazama mara ya mwisho. "Nimezaa, na nimezika," akasema. "Sema jina, nitamubeba. Usiposema, mikono yangu itamuua, na sitaki kumuua bwana yangu." Akatoka.

Priscille alimfuata mlangoni akimwambia ni virusi, Mama, ni kitu kidogo kisichoonekana, kinapita kwa mikono na kwa maji, kinashika watoto wote wakati wa kiangazi. Alieleza vizuri kabisa. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema aksanti.

Tangu saa ile nilikuwa peke yangu. Sijui namna nyingine ya kulisema. Mama wa Malemba alihamisha mkeka wake upande wa pili. Alikuja kwanza kuniambia, sitamkatalia hilo. "Usinichukie," akasema kwa sauti ndogo. "Nilibakiwa na huyu moya tu." Sikumchukia. Lakini nilipohitaji kwenda pompi, nilimwacha Albert peke yake kitandani nikakimbia, na kwenye mstari wa pompi hakuna aliyenipisha. Walikuwa wanasogea kidogo nikifika. Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana, ningejua pa kuwajibu.

Kila kitu kilitaka mikono, na mimi nilikuwa na miwili. Nikimshika mtoto, moto unazimika. Nikienda kuwasha moto, mtoto anatapika chali. Nikifua, hakuna wa kufukuza nzi usoni pake. Chakula nilisahau, na maziwa yakaanza kupungua.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka jikoni na sufuria ya maji nikakuta Albert ameivuta sindano ya kichwani. Imetoka. Shuka ina damu na serumu. Hakuwa analia tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Macho yalikuwa yameingia ndani, yananiangalia na hayanioni. Priscille alikuja mbio, akatafuta mshipa mwingine. Akatafuta sana. Jasho lilimtoka puani.

"Hakuna," akasema. "Imejificha yote. Sasa njia iko moya, kinywa. Sikiliza, mama. Hii mayi ya chumvi na sukari ya kifuko. Kijiko moya, ngojea kidogo, kijiko moya. Akitapika, pumuzika, uanzie tena. Ziwa pia, usimunyime. Bila kuacha, umesikia? Ukiacha, anaenda."

"Nitaweza."

"Peke yako hutaweza," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Tafuta muntu."

Tafuta mtu! Kama vile watu wanauzwa sokoni. Nilikaa, nikamweka Albert pajani, nikaanza. Kijiko, kungoja, kijiko. Anatapika, namfuta, naanza tena. Nilimwambia, "Kunywa, baba, kunywa, mwanaume wangu." Nilimwambia habari za reli na za babu yake wa Kasai. Jua liliingia dirishani likanipiga usoni, na mimi nilikuwa sijalala tangu nyumbani. Kijiko, kungoja, kijiko.

Niliposhtuka kikombe kilikuwa chini. Maji yote yalikuwa yamemwagika kwenye sementi, na kijiko bado nimekishika, kitupu, hewani. Sikujua nilikuwa nimesinzia kiasi gani. Albert alikuwa amelegea mkononi mwangu. Niliweka sikio kifuani pake, nikasikia moyo unakwenda haraka haraka. Hai. Lakini hakuna maji, moto umezimika, na nikinyanyuka, nani atakaa hapa?

Niliinua kichwa niite, hata kwa yule wa Malemba, na kwa mlango uliokuwa wazi nikamwona mama mkwe.

Hakuwa amekwenda nyumbani. Tangu alipotoka alikuwa amekaa kwenye baraza, mgongo ukutani, kifurushi kando. Alikuwa anasali rozari. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Pembeni yake palikuwa na bukari imefungwa kwenye kitambaa, na chupa yenye maji ya majani. Ukuta ule ni tofali moja tu. Mimi ndani nalilia mtu, yeye nje anamlilia mtoto, na katikati yetu jina.

Nilimlaza Albert, nikatoka. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, nitasema."

Akaacha rozari. Mimi nilikuwa sijui nitakachosema. Kumtaja mtu wa kweli nisingeweza, ningemharibia nyumba yake bure. Kule chini, upande wa stesheni, treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi, na jina la kikwetu likanijia.

"Kalonji," nikasema.

"Kalonji gani?"

"Wa reli. Alipita. Amerudi Kasai."

"Wa kwenu," akasema, na akatikisa kichwa, kama mtu aliyejua tangu zamani. "Iko namna gani?"

"Murefu."

"Anavaa nini?"

Jamani, nguo ya nini tena? "Shati ya bluu," nikasema. Na nikaanza kulia, kwa hasira tupu, na yeye akafikiri ni toba. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakibana kifuani pake. "Aksanti, mwanangu," akasema. "Aksanti, mwanangu." Miaka yote ile hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniosha matiti na maji ya chupa ile pale pale barazani, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaingia ndani akambeba Albert.

Ee, mikono ya yule mama! Sitasema uongo juu ya mikono yake. Kwa kitambo kidogo moto uliwaka, maji yakachemka, shuka ikabadilishwa, na mimi nimekaa na bukari mbele yangu naambiwa, "Kula, maziwa yatatoka wapi?" Alikishika kijiko kama aliyezaliwa nacho. Albert akitapika, yeye anacheka, "Umekatala, bwana yangu? Haya, tutaanzia tena, niko na siku yote." Nilipochoka alishika yeye, alipochoka nilishika mimi. Nilinyonyesha, nikalala. Nililala usingizi mzito wa mchana, kichwa kwenye kifurushi chake.

Na wale wengine? Walirudi wote. Mama wa Malemba alirudisha mkeka wake. Mmoja alinipa sabuni, mwingine mboga ya sombe yenye mawese. Pompi walinipisha mbele. Siku ile nilikuwa mzinzi wa salle nzima, na sijawahi kuwa na rafiki wengi hivyo maishani mwangu.

Priscille aliniita pembeni. "Umesema nini kule inje?"

"Nimetaja jina."

"Ya nani?"

"Ya hakuna muntu."

Alianza kucheka, akaacha. "Nitamuelezea mama yako, hii mambo haifae."

"Ngojea mutoto apone kwanza," nikamwambia. Na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe, lakini ningefanya nini?

Albert alikojoa. Mtu ambaye hajakaa salle ile hawezi kujua furaha ya mkojo. Alikuwa amebebwa na mama mkwe, na ghafla kitenge cha misa kikalowa, na bibi akapiga vigelegele mpaka watu wa salle ya uzazi wakatoka nje. "Bwana yangu amenikoyolea! Muone! Amenikoyolea!" Baadaye alilia, na machozi yalitoka, makubwa, mazuri. Kesho yake alikamata kijiko akataka kukila.

Ndipo Priscille akatimiza ahadi. Alimweleza mama mkwe tena, polepole, virusi, mikono, maji, vijiko, na kwamba mtoto amepona kwa sababu alikunywa. Mama mkwe akakubali kwa kichwa kila neno.

"Eyo, mwanangu," akasema. "Virusi. Na virusi iliogopa jina."

Alimpigia Mwanza simu uani, mbele ya watu, na sauti ikiwa wazi ili wote tusikie. Alimwambia yote, hakuongeza, hakupunguza.

"Mutoto anakunywa?" Mwanza akauliza.

"Anakunywa. Anacheka."

"Basi alisema kweli," akasema mume wangu. "Mama, mubakie na Albert. Yeye aende kwabo mpaka nitarudia."

Nilimnyang'anya simu. "Mwanza! Nilimutunga. Kalonji hayuko. Mutoto alikuwa anakufa na nilikuwa peke yangu!"

"Muntu hawezi kujitungia kitu kama ile, Ntumba."

"Miye niliweza!"

Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni réseau, mtandao wa simu, au ni yeye. Kwabo! Kwetu ni wapi? Kwetu ni makaburi mawili nyuma ya stesheni na shangazi zangu wa Mwene-Ditu ambao sijawahi kuona nyuso zao. Mama mkwe alinishika bega. "Miye nimekusamehe," akasema. "Kijana akipoa moyo, nitamuambia." Kusamehewa kitu usichokifanya, sijui kama kuna upweke unaouzidi ule.

Siku ya kutoka, mama mkwe alikuwa amekwisha kumfunga Albert mgongoni, mimi nakusanya sufuria, wakati msichana mmoja alipoingia na mtoto mkononi. Mdogo, labda hajatimiza miaka ishirini. Alisema anaitwa Mbombo, ametoka upande wa Mulongo. Mtoto wake alikuwa na macho yale yale, yaliyoingia ndani. Priscille alimfinya ngozi, ikasimama. Akatafuta mshipa, akakosa, akampa kikombe na kijiko. Akamuuliza, "Garde-malade yako iko wapi?"

"Siko naye," Mbombo akasema.

Mama mkwe alimsogelea. Alisogea kwa huruma, nataka mjue hivyo, si mwanamke mbaya. "Bwana yako iko wapi, mwanangu?"

"Kolwezi."

"Basi sema jina. Huyu hapa alisema, na mutoto amepona. Si njo vile, bamama?"

Salle ikaitika. Mbombo akanigeukia mimi. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyefika mwisho, na nilijiona mimi mwenyewe nimekaa pale, na kijiko kitupu hewani.

"Hapana!" nikasema. Nilitupa sufuria chini. "Hapana, hapana! Kalonji hayuko. Musikilize bote! Hakuna Kalonji, hakuna shati ya bluu, nilimutunga pa baraza juu nilikosa muntu wa kunishikia kijiko. Mama, nilisema uongo!"

Nilimtafuta Priscille kwa macho, alikuwa amekwisha kuitwa salle ya uzazi. Mama mkwe alinitazama bila chuki.

"Kama iko uongo," akasema, "mutoto alipona na nini?"

Albert mgongoni pake alikuwa anavuta kitambaa chake cha kichwa na kucheka. Wote walimwangalia yeye. Sikuwa na neno la kushindana na kicheko kile, ila moja.

"Alipona na weye, Mama," nikasema. "Na mikono yako."

Niliona kitu kinapita usoni pake, na kwa muda mfupi, naapa, alikuwa karibu kuniamini. Alitazama mikono yake. Kama angepewa nafasi ya kuvuta pumzi moja tu, ningekuwa nyumbani kwangu leo.

"Ni Kalonji," Mbombo akasema.

Tukageuka wote.

"Wa reli," akasema, akiangalia chini. Habari zangu zilikuwa zimefika mpaka kwenye mstari wa pompi, na bila shaka alizisikia pale kabla ya kuingia. "Murefu. Iko na shati ya bluu." Kisha, kwa sababu aliona bado tunamwangalia, akaongeza, "Jino ya mbele imekatika."

Salle ikalipuka. Kalonji yule yule! Wanawake walipiga mikono, wengine wakashika vichwa. Mama mkwe alinitazama mara moja, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na lile lililokuwa usoni pake likaondoka, halikurudi tena. Alifungua kitenge, akanipa Albert. "Shika bwana yangu," akasema. Akafunga kiuno, akakaa kitandani, akamchukua mtoto wa Mbombo pajani, akachukua kijiko.

Nilisimama na mwanangu mikononi. Nilitaka kumpiga yule msichana. Nilitaka kumpiga kofi hadi jino lake yeye likatike. Yeye aliniangalia juu ya bega la mama mkwe, na alijua ninachojua. Mbali na Priscille, duniani tulikuwa wawili tu tuliojua.

Nikakaa kwenye mkeka, nikamnyonyesha Albert. Kijiko, kungoja, kijiko. Yule mtoto alitapika, wakaanza tena. Nilinyonyesha kifua kimoja, nikanyonyesha na cha pili, sikuwa na haraka. Jua lilipoinama mama mkwe alimkabidhi mama wa Malemba kijiko, akaja kwangu, akanyoosha mikono. Mwanza alikuwa amekwisha kuamua, na sikuwa na ndugu wa kunisemea, nikampa. Alimfunga mgongoni, akaniambia nijiangalie njiani, akaondoka na barabara ya Kabongo. Albert alinipungia mkono kwa sababu alikuwa amejifunza kupunga wiki ile.

Nilichukua sufuria yangu. Mbombo alinikuta mlangoni, kitenge chake kimelowa.

"Yaya," akasema, kama kwa dada yake mkubwa. "Yaya, unisamehe."

"Amekunywa?" nikamuuliza.

"Amekunywa."

"Basi rudia ndani," nikamwambia. "Usimuache peke yake."